Mjadala: Je, tunamhitaji Hoover wetu katika chombo kipya cha upelelezi?

Mtoa mada (Chumbageni, Tanga):

Ndugu zangu, tangu Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipopendekeza mwaka 2023 kwamba nchi iwe na chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea, mazungumzo yetu hapa Tanga hayaishi kumtaja J. Edgar Hoover, aliyeijenga FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani. Wako wanaoamini kwamba mtu wa aina yake ndiye dawa ya kesi zinazoahirishwa mwezi hadi mwezi kwa kauli ya "upelelezi haujakamilika". Mimi napinga, na naomba nami nipingwe kwa hoja.

Sikatai umahiri wake. Idara ya upelelezi aliyokabidhiwa mwezi Mei 1924, akiwa na umri wa miaka 29, ilikuwapo tangu 1908 na ilikuwa imechafuka kwa upendeleo na siasa. Aliwaondoa wasiofaa, akaweka masharti ya elimu kwa maofisa, akakusanya mahali pamoja kadi za alama za vidole zaidi ya 800,000, na mwaka 1932 akafungua maabara ya uchunguzi. Kijana huyu alikuwa amewahi kuwa karani katika Maktaba ya Bunge la Marekani huku akisomea sheria, na ujuzi wa kupanga kumbukumbu hadi karatasi moja ipatikane kati ya maelfu ndio alioingia nao katika upelelezi.

Tatizo langu linaanzia hapo hapo. Mwanasheria Mkuu Harlan Stone, aliyemteua, alielekeza kwamba idara ishughulike na matendo yanayokatazwa na sheria, si maoni ya watu. Lakini kabla ya hapo Hoover alikuwa amekwisha kumwandama Marcus Garvey, kiongozi wa harakati za umoja wa watu weusi, tangu 1919, na baadaye, kuanzia 1956 hadi 1971, FBI iliendesha mpango wa siri wa kuvuruga vyama na watu ambao kosa lao kubwa lilikuwa ni msimamo wao. Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi aliyefika Dar es Salaam mwaka 1964, alikuwa na jalada lake huko FBI. Mwaka huo huo Martin Luther King alitumiwa barua isiyo na jina, pamoja na sauti zilizorekodiwa kwa siri, iliyomtaka ajiue; barua hiyo ilitoka FBI. Majalada yaliyomnasa mwizi wa benki ndiyo yaliyowatia hofu wabunge na marais, na nadhani ndiyo sababu mtu aliyeanza kwa kukaimu alikaa miaka 48, chini ya marais 8, hadi alipofariki tarehe 2 Mei 1972. Sisi watu wa Tanga tunasifika kwa "waja leo, waondoka leo", lakini huyu alituzidi.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja: sheria ya ukomo wa uongozi iandikwe kabla mkurugenzi wa kwanza hajatafutwa.

Askari mstaafu (Korogwe):

Mwanangu, umeeleza vizuri, ila unamhukumu mtumishi na kuwaacha mabwana zake. Simu za King zilisikilizwa kwa idhini ya Robert Kennedy, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, mwaka 1963. Ilipokaribia siku ya Hoover kutimiza miaka 70 na kutakiwa kustaafu, ni Rais Johnson aliyemwondolea sharti hilo mwaka 1964. Na usisahau kwamba mwaka 1970, washauri wa Rais Nixon walipopendekeza mpango wa kupekua nyumba na kufungua barua za raia, Hoover ndiye aliyeukwamisha. Sisi tuliofanya kazi hii tunajua kwamba mpelelezi anayebadilishiwa mkuu kila mara huacha jalada nusu. Mlipuko wa ubalozi wa Marekani mwaka 1998 pale Dar es Salaam usingefuatiliwa na FBI hadi mahakamani New York bila taasisi yenye kumbukumbu ndefu.

Mwalimu wa uraia (Pangani):

Nauliza jambo dogo tu. Wamarekani wenyewe waliweka ukomo wa miaka 10 kwa mkurugenzi wa FBI mwaka 1976, kisha mwaka 2011 Bunge lao likamwongezea mkurugenzi Robert Mueller miaka miwili. James Comey, aliyemrithi, naye alifukuzwa mwaka 2017 kabla hajafika hata miaka minne. Ukomo huo unamlinda nani hasa?

Mtoa mada:

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu Kennedy uko sahihi, ila idhini yake ilihusu simu. Vinasa sauti vilivyofichwa katika vyumba vya hoteli alimolala King havikuwamo. Na kumbukumbu ndefu ni ya taasisi, haidai mtu mmoja aitunze. Hoover alipofariki, katibu wake Helen Gandy aliteketeza majalada aliyoyaita ya binafsi, na hadi leo hakuna anayeweza kuonyesha yote yaliyokuwamo. Ndiyo maana Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilipochunguza mambo haya mwaka 1975 na 1976, ilikuta mengine hayachunguziki tena.

Mwalimu, umenibana mahali penyewe. Ukomo unazuia mtu kung'ang'ania, haumzuii rais kumfukuza asiyempendeza, na kwetu hatari hii ya pili pengine ndiyo iliyo karibu zaidi. Basi napanua pendekezo: kipindi kimoja kisichorudiwa, sababu za kumwondoa ziandikwe na zichunguzwe na jopo lenye majaji, kama inavyofanyika kwa jaji wa Mahakama Kuu, na siku ya makabidhiano kila jalada liorodheshwe mbele ya mtu asiyetoka katika chombo hicho. Mzee wangu, kwa uzoefu wako, sharti lipi kati ya haya lingewazuia maofisa kufanya kazi? Likiwapo, nitakuwa tayari kulitetea upya au kuliondoa.