Naomba ushauri: kijana wangu anataka kuhama chuo, dirisha linafunguliwa Januari 2

Mama Zamu ya Usiku (Desemba 28, 2025)

Habari zenu wanajamvi. Niko Ohio, kazi yangu ni kutunza wazee usiku, kwa hiyo mnivumilie nikichelewa kujibu.

Kijana wangu ana miaka 20, anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana, siyo wetu. Yuko chuo kimoja cha daraja la kwanza, jina nalihifadhi. Anacheza laini ya ulinzi, mwili kaurithi kwa wajomba zake. Aliingia 2024 kwa ufadhili kamili. Mwaka wa kwanza alicheza mechi 3, msimu huu 9. Kocha wa laini aliyemchukua, aliyekuja mpaka sebuleni kwangu akala pilau na kuomba aongezewe kachumbari, ameondoka mwanzoni mwa mwezi huu. Aliyekuja badala yake kamwambia kijana kwa simu "tutaona", basi.

Sasa kuna kaka mmoja anajiita wakala. Anasema kuna chuo kingine kina dola 80,000 zinamsubiri, ila aingize jina kwenye orodha ya wanaotaka kuhama siku ile ile dirisha linapofunguliwa. Yeye anataka asilimia 20. Mkataba kautuma WhatsApp kwa picha: ukurasa wa 1 na wa 3. Nimemuuliza wa 2 uko wapi, kaniambia "hauna kitu mama, maelezo tu".

Baba yake anasema mtoto aende. Mtoto mwenyewe amekuja Krismasi, simu anailaza kifudifudi mezani, ikitetemeka anatoka nje na baridi hii bila koti. Mimi naogopa atapoteza ufadhili, miaka ya kucheza, na shahada. Nani ana uelewa? Naomba kuwasilisha.

Nimekaa Pale

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Kwa hiyo na huko kuna dirisha la usajili kama la Simba na Yanga?

Ukwaju

Mama, huo ukurasa wa 2 ndio mkataba wenyewe. Nimemaliza.

Kijana wa Zamani

Shikamoo mama. Nilicheza mpira huo chuo kidogo, na sasa kazi yangu ni kupanga kozi za wanafunzi wanamichezo, kwa hiyo hapa umefika.

Miaka ya kucheza kwanza. Kanuni ya NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani, ni misimu 4 ndani ya miaka 5, na saa ya hiyo miaka 5 inaanza siku alipoingia chuo, haisimami. Tangu 2018, mchezaji wa mpira huu akicheza mechi zisizozidi 4, msimu huo hauhesabiwi. Wenyewe wanauita mwaka wa redishati: unafanya mazoezi, unakula mezani kwao, ila msimu wako unabaki kibindoni. Kwa hiyo mwaka wake wa kwanza haukuhesabiwa, huu wa mechi 9 umehesabiwa. Amebakiza misimu 3, na miaka 3 kwenye saa. Maana yake akiba imekwisha. Akihama akakwama msimu mmoja kwa sababu yoyote ile, huo umekwenda.

Kuhama. Zamani ukihama ulikaa nje mwaka mzima ukiangalia wenzako. Mwaka 2021 wakaruhusu uhame mara moja bila adhabu. Waliotaka kuhama mara ya pili wakaendelea kubanwa mpaka Desemba 2023, mahakama ya shirikisho kule West Virginia ilipoizuia kanuni hiyo, na Aprili 2024 NCAA wakaachia kabisa: hama utakavyo, mradi masomo yako yako sawa. Watu wanasikia "hama utakavyo", ile ya masomo hawaisikii. Mwanao ameshapata krediti ngapi, yaani zile pointi za kozi alizofaulu, na anasoma nini?

Na Aprili mwaka huu kulikuwa na dirisha la pili. Limefutwa. Sasa ni Januari 2 hadi 16 tu. Mlango wa ziada unafunguliwa kocha MKUU akiondoka. Wa laini hahesabiki, hata kama alikula pilau.

Dereva wa Masafa

Mimi niko upande wa baba. Mambo yamebadilika, tuache woga wa kiafrika. Tangu Julai 1 mwaka huu vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka, kutokana na ile kesi ya House, wachezaji walipoishtaki NCAA. Hiyo hiyo imeweka ukomo wa wachezaji 105 kwa kikosi. Kocha mpya akisema "tutaona" wakati nafasi zinahesabika, ameshaona huyo. Na Heisman ya mwezi huu, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, imechukuliwa na nani? Fernando Mendoza, alihama chuo cha California akaenda cha Indiana, chuo ambacho miaka yote kilikuwa jalala la mpira huo. Angebaki kwa uaminifu leo tungemjua?

Ukwaju

Dereva, kila aliyeuza nyumba kucheza bahati nasibu anakumbuka jina la mshindi. Nikupe jingine: Matthew Sluka, kwotabeki (yule mrusha pasi) wa UNLV, chuo cha Las Vegas. Septemba 2024 timu imeshinda mechi 3 kati ya 3, akaondoka katikati ya msimu, upande wake ukidai aliahidiwa dola 100,000 na hajaziona. Ahadi ya mdomo! Chuo kikakana kudaiwa. Kilichomsaidia ni kwamba alikuwa hajavuka mechi 4, akabaki na mwaka wake. Mtoto wa mama hapa hana tena hiyo kinga.

Halafu asilimia 20! Wakala wa NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo, mwenye leseni ya chama cha wachezaji, haruhusiwi kuzidi asilimia 3 ya mkataba wa mchezaji. Huyu wa WhatsApp anakwangua 20 kwa mtoto wa chuo.

Nimekaa Pale

Umri nao je? Nilisoma kuna jamaa wa chuo cha Miami alicheza mwaka wa TISA.

Kijana wa Zamani

Cam McCormick, msimu wa 2024. Majeraha mengi, na ule mwaka wa korona ambao haukuhesabiwa kwa mtu yeyote. Halafu kuna Diego Pavia wa chuo cha Vanderbilt, aliyeishtaki NCAA akapata amri ya mahakama Desemba 2024 kwamba misimu ya chuo cha miaka miwili isimzuie. Mwaka huu kawa wa pili kwenye Heisman. Mama usicheke, jambo hili linamgusa kijana wako. Wa miaka 20 anagombea namba na watu wa 24 wenye ndevu na watoto.

Mkongo wa Kentucky

Jambo ndugu zangu. Niulize hapo hapo: mtoto wa kaka yangu yuko na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, anacheza vilevile. Hizo pesa anaweza kupata?

Kijana wa Zamani

Ndugu, huyo asiguse karatasi kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na mwanasheria wa uhamiaji. F-1 ina masharti makali ya kazi. Mwenzake Mmarekani akipiga tangazo la duka la magari anapata hela, yeye anaweza kupoteza viza. Na akihama, rekodi yake ya uhamiaji lazima ihamishwe na I-20 mpya, ile hati ya chuo inayoshikilia viza yake, itolewe. Dirisha la NCAA halisubiri hiyo.

Mkongo wa Kentucky

Aksanti sana. Nitamuambia.

Mama Zamu ya Usiku

Marahaba mwanangu. Mungu akubariki. Ana krediti 51, anasoma usimamizi wa ujenzi. Yeye wa kwetu ni raia, viza siyo tatizo.

Kijana wa Zamani

Sawa, hapo ndipo penyewe. Akianza mwaka wa 3 lazima awe na asilimia 40 ya shahada ANAYOISOMA, mwaka wa 4 asilimia 60, wa 5 asilimia 80. Shahada ya krediti 120, asilimia 40 ni 48. Hapo alipo na 51 yuko salama. Sasa akihama, chuo kipya ndicho kinachoamua zipi zinaingia kwenye shahada yao. Kozi za ujenzi zina tabia ya kugoma kuvuka. Tuseme zinapita 36. Akisoma krediti 12 muhula unaoanza Januari, anafika 48 kwa ncha ya kucha, na kozi moja akifeli anaingia kiangazi kuifukuzia.

Nimeona makocha wanavyoitatua hii: wanamhamishia mtoto shahada nyingine, yoyote itakayomeza krediti zake zote. Anacheza, ndiyo. Anamaliza na shahada ambayo hakuiomba na hajui aifanyie nini.

Na jina likishaingia, chuo chake cha sasa kinaruhusiwa kukata ufadhili muhula unapoisha, na hakilazimiki kumpokea akirudi.

Kwa hiyo kabla ya jina: kila kozi ihesabiwe kwa maandishi na chuo kinachomtaka. Shida ni kwamba makocha wa huko hawaruhusiwi kuongea naye kabla jina halijaonekana. Sasa huyo wakala zile 80,000 kaambiwa na nani?

Dereva wa Masafa

Kila mtu anafanya hivyo, tusijifanye.

Kijana wa Zamani

Wanafanya. Ndiyo maana waandike. Na dirisha ni siku 15: anatakiwa tu kuingiza jina kufikia tarehe 16, siyo tarehe 2 alfajiri. Haraka hiyo ni ya wakala.

Mama Zamu ya Usiku (Desemba 31)

Nimerudi. Jana nilimkalisha kijana mezani, nikampa bandiko lenu asome mwenyewe. Hakusema kitu. Baadaye nikamkuta sebuleni na kikokotoo na orodha ya kozi zake, amezichora kwa kalamu nyekundu zile za ujenzi. Akampigia yule kaka mbele yangu, akamwomba ukurasa wa 2 na jina la mtu wa chuo aliyetaja hizo hela. Akasema anatuma baada ya saa moja. Mpaka leo simu imenyamaza, mtoto kala chakula chote.

Baba yake bado hajashawishika, anasema tumemfukuza mteja.

Kijana anataka kuongea kwanza na ofisi ya chuo chake inayosimamia kanuni za michezo. Nimepiga, inaita tu. Kuna anayejua hawa watu wanarudi kazini lini?

Ukwaju

Vyuo vingi Jumatatu, tarehe 5. Mpigie saa 2 kamili, kabla hawajamaliza kahawa.