Mrejesho: verbena zenye unga mweupe na maua machache, Dodoma

Wakuu, niliuliza kwa nini verbena zangu (mimea ya maua ya bustani) zilizo kando ya ukuta zina unga mweupe kwenye majani na maua ya kuhesabu. Ushauri wenu umefanya kazi.

Ule unga ni ubwiri unga, yaani ugonjwa wa kuvu. Kivuli cha ukuta na msongamano ndivyo vilivyoulea, kwa hiyo miche imehamia penye jua kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, nafasi sentimita 30. Majani yaliyougua yamekatwa na kuchomwa, si kutupwa kwenye mboji.

Maua yameongezeka kwa kukata theluthi ya juu ya kila shina lililomaliza kuchanua, kisha kumwagilia vizuri. Samadi nyingi hunenepesha majani tu. Ndoo moja iliyooza vizuri kwa mita moja ya mraba inatosha.

Maji ni asubuhi, shinani, udongo ukikauka juu. Kiangazi chetu cha upepo mkavu kinaleta utitiri mwekundu (vijidudu vidogo sana vinavyofyonza majani): kagueni chini ya majani, mkiona vidoa vya njano na utando, pigeni maji kwa nguvu kutokea chini.

Kwa wanaoanza na mbegu: zifunikeni gizani mpaka ziote, huchukua hadi wiki 4. Vipandikizi (vipande vya shina vya kupanda) vya sentimita 10 ni rahisi zaidi.