Mrejesho: Kuosha gari bila mpira wa maji kwenye baridi ya Njombe

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza namna ya kuosha gari nyumbani bila mpira wa maji, Julai hii ambayo huku Njombe kuna asubuhi unakuta umande umeganda kwenye nyasi.

Nilitumia ndoo mbili kama mlivyosema: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Shida yetu ni tope jekundu. Ukilisugua likiwa kavu linakwaruza rangi. Nikalimwagia kwanza kwa keni ya bustani, nikaliacha dakika tano, likalegea lenyewe. (Keni hiyo mama watoto bado anaidai.)

Maji niliyapasha yakawa vuguvugu tu. Mkuu uliyeshauri ya moto, samahani: kioo chenye baridi kali kinaweza kupasuka, na bei ya kioo unaijua. Nilianza saa tano jua limeshatoka, nikaosha kuanzia juu kushuka, matairi mwisho kwa kitambaa chake.

Nilipochemka: sikukausha mipira inayoziba kingo za milango. Kesho yake alfajiri maji yalikuwa yamegandia hapo, mlango wa dereva uligoma kabisa kufunguka, nikaingilia upande wa abiria kama mwizi.