Mjadala: Picha mbovu, au ni staili tu hujaipenda?

Wadau, hili tulimalize leo. Desemba 2025 magazini ya Vanity Fair walitoa zile picha za watu wa Ikulu ya Marekani, kazi ya mpiga picha Christopher Anderson, kamera imesogea mpaka unaona vitundu vya ngozi na poda na mikunjo yote, basi hapa Kampala nasikia wapiga picha wanasema jamaa hajui kazi. Hajui kivipi? Fokasi iko palepale, mwanga anaujua, alitaka sura bila pambo na akaipata. Sema hupendi, hapo sibishani. Sisi tumezoea magazini za harusi, bibi harusi kalainishwa uso mpaka shangazi yake anamtambua kwa gomesi, lile gauni la heshima la Kiganda, alafu hiyo ndio tunaita kwaliti. Ile nayo ni staili bwana, tena ya kompyuta.

— Napinga. Kwa hoja hiyo kila anayeharibu atasema ni staili. Kwenye magazini ya Vogue ya Agosti 2020 kuna picha mpiga picha maarufu Annie Leibovitz alizompiga Simone Biles, bingwa wa dunia wa jimnastiki kabisa, ngozi ikatoka imefifia kama mtu aliyeamka na malaria, watetezi wakasema ndio mkono wake huo, mwanga hafifu na rangi zilizopoa. Sasa mwenye jina akileta giza ni sanaa, kijana wa hapa mtaani Wandegeya akileta ni kosa?

— Giza sio kosa ssebo, kosa ni ngozi kupotelea humo. Nenda kwanjula yoyote, ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi, bwana harusi mweusi kavaa kanzu nyeupe pee, kamera ukiiacha ijipimie mwanga inadanganywa na kanzu, inabana mwanga, uso unabaki kivuli. Peleka hiyo Nasser Road kwa wachapaji wachape kwenye karatasi ya bei rahisi, wino unasambaa, yale macho uliyokuwa unayaona kwa tabu kwenye skrini hayapo tena. Hapo hakuna staili, kamera ndio imeamua sio mtu. Leibovitz aliamua mwenyewe, sawa, staili nampa, ila kwa Biles alama za ubora nakata, maana picha ya mtu isiyobeba ngozi ya huyo mtu imebeba nini?

— Na mhariri mbona hamumgusi? Kamala Harris, Vogue ya Februari 2021, Tyler Mitchell alimpiga na suti ya bluu, akampiga pia na raba za Converse, timu yake Kamala wakategemea suti ndio itakaa kwenye kava ya kuchapwa, wakakuta raba, makelele dunia nzima mpaka Vogue wakaja kutoa toleo maalum lenye suti. Mpiga picha mmoja yuleyule, na ni mweusi, kwa hiyo msiniletee ile ya kwamba mzungu hajui kupiga ngozi yetu. Mitchell kaleta zote mbili mezani, mwingine ndio kachagua, alafu lawama zikamfikia na Mitchell. Mimi kabla sijasema picha mbovu nauliza kwanza nani kaichagua.