Picha niliyochapa imepauka kwa miezi minane: je, laminesheni itasaidia?

Studio ya Chumbageni: Wakuu, habari za kazi. Ninaendesha studio ndogo ya picha hapa Tanga, na kuna jambo linaninyima usingizi. Miezi minane iliyopita nilimchapia mama mmoja picha ya marehemu mama yake, ukubwa wa A3, kutoka kwenye picha ndogo ya zamani niliyoiskani. Juzi ameirudisha. Kanga ya bluu imekuwa ya kijivu, na uso wa marehemu umekuwa mwekundu kana kwamba amesimama mbele ya moto. Anataka nyingine kabla ya hitma ya mwisho wa mwezi. Nikinunua mashine ya laminesheni, rangi itadumu?

Lenzi Kavu: Mimi laminesheni niliiacha. Picha za harusi ya dada yangu nilizifunga zikiwa bado mbichi, unyevu ukabaki ndani, na wino ukatambaa hadi nyusi za bibi harusi zikaungana. Kila tukikaa sebuleni ninageuzia macho pembeni.

Bi Mwanamkasi: Kijana wangu, kabla ya mashine, mrudishie huyo mama fedha yake. Picha ya mzazi aliyefariki ni amana.

Fundi wa Printa: Hatuwezi kutibu bila kupima. Ulitumia wino gani na karatasi gani, na picha ilitundikwa wapi?

Studio ya Chumbageni: Printa ni ya matangi sita, karatasi ni ya glosi inayokauka papo hapo, na wino ni wa kawaida. Picha ilikuwa ndani ya nyumba, haipigwi na jua hata kidogo.

Fundi wa Printa: Wino wa kawaida ni upi, ndugu yangu? Ule wa mtengenezaji wa printa, au wa kujazia?

Studio ya Chumbageni: Ni wa kujazia, wa chupa za lita moja zisizo na lebo. Naomba nieleweke: wateja wangu hawawezi kulipa bei ya wino halisi, na siku ile picha ilitoka iking'aa vizuri sana. Isitoshe, nimekwisha kulipa nusu ya bei ya mashine ya laminesheni, kwa hiyo ninaomba tujadili hiyo laminesheni.

Mzee wa Chumba cha Giza: Nimechapa picha za nyeusi na nyeupe tangu ujana wangu. Taswira yake ni madini ya fedha, na ikioshwa vizuri humzika mwenye studio. Hata hivyo nisiwadanganye kwamba zamani kila kitu kilidumu: picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu zikiwa gizani ndani ya albamu, kwa sababu rangi ya samawati ya karatasi za wakati ule ilijivunjavunja yenyewe. Ninayo ya marehemu mke wangu, gauni lake la kijani sasa ni la kahawia, na ni mimi tu ninayekumbuka lilivyokuwa.

Shahidi wa Macho: Ninatilia shaka uzi huu. Jua hupausha, hilo tunalijua sote. Lakini picha iliyo ndani, mbali na jua, itapotezaje bluu peke yake kwa miezi minane? Kesho atatokea mtu na namba ya simu ya kuuza wino.

Lenzi Kavu: Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Studio ya Chumbageni: Sina wino wa kumuuzia mtu. Nimeitoa picha kwenye fremu sasa hivi. Pembeni, pale palipofunikwa na mbao kwa upana wa nusu ya kidole, kanga bado ni ya bluu iliyokolea, na mpaka wake umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Nakiri jambo ambalo sikulisema: fremu haikuwa na kioo, kwani mteja hakutaka mng'ao, na picha ilitundikwa katika duka lake, juu ya mashine ya fotokopi inayofanya kazi kutwa.

Fundi wa Printa: Basi huyu hasemi uongo. Wino wake ni rangi iliyoyeyushwa, tofauti na wino wa pigmenti wenye chembe ngumu, na karatasi inayokauka papo hapo ina vitundu vidogo mno vinavyoiachia hewa iifikie rangi moja kwa moja. Mashine za fotokopi, hasa za zamani, hutoa ozoni, gesi inayoharibu rangi, na mara nyingi ozoni huanza kuila samawati. Ikiondoka, zinabaki rangi nyekundu na njano. Mwaka 2000 wanunuzi wa printa za Epson Stylus Photo 870 na 1270 walilalamikia picha zilizogeuka rangi ya chungwa kwa njia hiyohiyo, tena kwa wino halisi. Laminesheni itazuia hewa, lakini plastiki ya kawaida haizuii mwanga, na wino dhaifu utabaki dhaifu. Chapa upya kwa wino wa mtengenezaji, iache ikauke siku nzima, iweke nyuma ya kioo kisichogusa picha, na uiondoe kwenye ukuta ule wa juu ya fotokopi.

Shahidi wa Macho: Huo mpaka chini ya mbao umeniridhisha. Hata hivyo, kwa nini ilibidi tumkamue ndipo aseme?

Studio ya Chumbageni: Kwa sababu nilimwahidi yule mama kwamba picha itadumu miaka 50, na niliogopa kuyaandika hayo hapa. Leo nimemweleza yote, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama ile picha ndogo ya zamani bado ninayo. Ninayo. Nimeagiza seti moja ya wino halisi kwa picha kama hizi, na mashine ya laminesheni nitaichukua, kwani muuzaji harudishi fedha. Itanifaa kwa vitambulisho.

Bi Mwanamkasi: Na fedha yake?

Studio ya Chumbageni: Nimemrudishia, Bi. Fremu yenye kioo pia nitaigharimia mimi.