MJADALA: Mnunuzi ana hela ya albamu moja tu. Umpe ya marehemu au ya walio hai?

Upande B (mwanzisha mada):

Wadau, kila mtu akiuliza anunue nini kwenye pop ya magita na kantri-roki, majibu ni yale yale. Upande wa magita anapewa Big Star, #1 Record ya 1972. Upande wa kantri anapewa Byrds, Sweetheart of the Rodeo ya 1968, halafu Flying Burrito Brothers, The Gilded Palace of Sin ya 1969. Mjuaji zaidi anaongeza No Other ya Gene Clark, 1974, kisha anatulia akisubiri apigiwe makofi.

Sina ugomvi na albamu hizo. Zote ninazo na sizigawi. Ninachopinga ni nani anatangulia kwenye foleni. Mtu mwenye hela ya santuri moja mwezi huu akitumwa kwa Big Star, hela yake inamfikia nani? Kati ya vijana wanne waliotengeneza #1 Record, Chris Bell alifariki 1978, Alex Chilton na Andy Hummel wakafariki 2010. Amebaki mpiga ngoma, Jody Stephens. Kinachopatikana kinagawanywa kati yake, warithi na kampuni. Wakati huo huo kuna bendi imetoa albamu yake ya kwanza kwenye lebo ya watu wawili, imechapisha nakala 300, na 200 bado ziko chini ya kitanda cha mpiga besi. Nakala hizo zikiuzwa, bendi inarudi studio. Zisipouzwa, kila mtu anatafuta kazi nyingine, na baada ya miaka 40 atatokea mtu awaite hazina iliyosahaulika na kuwatolea toleo la kifahari lenye kijitabu cha picha.

Na Big Star wenyewe ndio ushahidi wangu. Wakosoaji waliisifu ile albamu ilipotoka, lakini Stax, waliokuwa na jukumu la kuisambaza, hawakuifikisha madukani. Aliyesoma sifa zake gazetini alikwenda dukani akaikosa. Wanunuzi wale walihitajika 1972, bendi ikiwa bado bendi.

Kwa hiyo nasema hivi: anayependekeza aanze na walio hai, hasa wa lebo ndogo. Albamu za kihistoria hazikimbii. Pingeni.

Kapu la Santuri:

Mkuu, mimi nauza santuri na napinga moja kwa moja. Mnunuzi hakuja kutoa sadaka. Amekuja kutafuta albamu ambayo akifika mwisho wa upande B atairudisha upande A. Nikimpa bendi kwa sababu tu bado inapumua, akaiona ya kawaida, haniamini tena. Hapo nimempoteza mteja, na bendi nyingine zote ndogo ambazo ningemwonyesha baadaye nazo zimempoteza.

Halafu hili la kwamba albamu ya zamani ikitolewa upya inanenepesha kampuni na nakala ya lebo ndogo inamlisha mwanamuziki, si kweli kila mara. Chukua Uncle Tupelo, bendi ya kantri-roki ya Marekani. Albamu yao No Depression ilitoka 1990 kwenye lebo huru ya Rockville. Ni albamu iliyofungua njia kiasi kwamba hata jarida zima la muziki huo, lililoanza 1995, lilijiita jina hilo. Mrabaha wao je? Ilibidi waende mahakamani kuudai, na walipopata haki za albamu zao tatu za kwanza, zikatolewa upya 2003 na kampuni kubwa. Yaani aliyenunua nakala ya mwanzo kwa moyo wa kuunga mkono muziki huru hakumsaidia mpiga gita, na aliyesubiri toleo jipya la kampuni kubwa ndiye aliyemsaidia. Lebo kuwa ndogo si cheti cha uaminifu.

Na No Other unayoicheka haikuuza kitu ilipotoka. Walioitoa upya 2019 ni 4AD, lebo huru ambayo ina bendi hai za kulipia studio. Unafikiri hela za studio zinatoka wapi? Santuri za zamani zinazouzika bila matangazo ndizo zinazobeba zile mpya zisizo na uhakika.

Mteja Mkaidi:

Mimi ndiye huyo mnunuzi mnayemgombania, naomba na mimi nisikike.

Wafu na walio hai mtajuana wenyewe. Kinachonikera ni mapendekezo yasiyosema kitu. "Ni kama Big Star wakikutana na Byrds." Kila bendi yenye gita safi na waimbaji wawili mnaiita hivyo! Nimenunua kwa sifa hiyo nikakuta muziki wa kulalia. Niambieni gita liko mbele ya mwimbaji au nyuma yake. Ngoma inakimbia au inaburuta? Maneno yanasikika, au yamezamishwa kwenye mwangwi? Na mkisema kantri, kuna pedali stili kweli, lile gita la kulazwa linaloteleza chini ya kipande cha chuma, au ni mwimbaji tu kavaa kofia?

Nyuzi 12:

Mteja umegonga penyewe. Ngoja nijaribu kupendekeza kwa namna unayotaka, maana napiga gita na mambo haya ndiyo ninayoyasikiliza.

Saint Cloud ya Waxahatchee, 2020, lebo ya Merge. Albamu iliyotangulia ilikuwa ya magita yenye kelele. Hapa kelele zimeondolewa, sauti ya Katie Crutchfield, mwenye Waxahatchee, iko mbele kabisa, kila neno unalishika, na gita linajibu mwishoni mwa mstari badala ya kumfunika. Ngoma zinatembea, hazikimbii. Ilitoka tarehe 27 Machi mwaka huo, siku zile zile matamasha yalipokuwa yanafutwa kila mahali, kwa hiyo bendi haikuwa na mlango wa kuingilia kuuza fulana na santuri. Sasa weka kando yake Boat Songs ya MJ Lenderman, 2022, kwenye lebo ndogo ya Dear Life. Hiyo imekaa kilegevu, gita lina mkwaruzo wa makusudi, na mashairi yana utani wa uso mkavu ambao unaweza kuupitia mara mbili kabla hujacheka. Ukipenda ya kwanza si lazima upende ya pili. Mtu akiziita zote "kantri-roki ya kisasa" na kukuachia hapo, hajakusaidia.

Kwenye ubishi wenyewe mimi niko na Upande B, ila sababu yangu ni kiwanda. Santuri haitoki hewani. Unakatwa mfuo, ule mstari inamopita sindano, kwenye sahani laini ya laka, kutoka hapo yanatengenezwa mabati ya kukandamizia, ndipo mashine inaanza kutoa nakala. Gharama ya hatua hizo za mwanzo unailipa yote hata ukiagiza nakala 300 tu. Ndiyo maana bendi ndogo haiwezi kushindana kwa bei na albamu ya zamani inayochapishwa kwa wingi. Halafu kuna foleni. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kiliungua, na kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza zile sahani za laka. Mwaka uliofuata Adele akaja na albamu yake, santuri zaidi ya 500,000 zikaripotiwa kuagizwa mapema. Wa nakala 300 unadhani alipangiwa lini?

Na malalamiko haya yalikuwepo kabla ya hapo. Ile siku ya maduka ya santuri, Record Store Day, iliyofanyika mara ya kwanza 2008 kuyasaidia maduka huru, ilishajaa albamu za zamani zilizotolewa upya na kampuni kubwa. Mwaka 2015 lebo mbili ndogo za Uingereza, Sonic Cathedral na Howling Owl, zilipinga kwa kutoa singo ya pamoja na kuiuza nakala moja kwa siku, mwaka mzima. Mbwembwe, ndiyo, lakini ujumbe ulifika.

Kapu la Santuri:

Foleni ya kiwandani siibishi. Marekani peke yake mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuongoza kwa idadi tangu 1987. Viwanda vilivyokuwepo havikujengwa kwa mzigo huo.

Ila kuna jambo mnalificha kwa huruma: ubora. Nimerudishiwa santuri za lebo ndogo zilizotobolewa pembeni kidogo ya kitovu. Kwenye roki ya kelele hutagundua. Kwenye kantri utagundua dakika ya kwanza, kwa sababu noti ndefu ya pedali stili inapanda na kushuka kila santuri inapozunguka, mpaka unadhani mpigaji amelewa. Pia kuna wanaobana dakika 26 upande mmoja ili wasilipie santuri ya pili, basi mfuo unakuwa mwembamba na sauti inapungua nguvu. Ushauri wangu kwa yeyote: kabla hujaisifia, sikiliza wimbo wa mwisho wa upande A. Huko karibu na kitovu ndiko sauti inakoharibika kwanza, na bendi nyingi ndiko zinakoweka wimbo wao wa taratibu. Mpendekezaji aliyesikiliza faili mtandaoni halafu akamwambia mtu anunue santuri amependekeza kitu ambacho hajakisikia.

Upande B:

Hilo la mwisho nalichukua lote. Mpendekezaji aseme amesikiliza nini.

Ila Uncle Tupelo wako, Kapu, wananisaidia mimi. Umetuonyesha kwamba swali ni nani analipwa, na swali hilo lina majibu kwa walio hai kwa sababu unaweza kuyatafuta. Bandcamp, tovuti ambako wasanii wanauza muziki wao wenyewe, wanakata asilimia 10 kwenye santuri na asilimia 15 kwenye faili, ukiacha ada za malipo, na zile Ijumaa walizozianzisha Machi 2020 wanaachia kabisa fungu lao. Spotify nako, tangu 2024, wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi mrabaha wowote wa rekodi. Bendi ninazozizungumzia zina nyimbo kibao zilizo chini ya mstari huo. Kwa hiyo ukimwambia mtu "wasikilize tu mtandaoni, wazuri", umempa mtu burudani na bendi hujaipa kitu. Pendekezo liwe na mahali pa kununulia.

Najua Kapu hatapenda, maana mahali penyewe mara nyingi si dukani kwake.

Kapu la Santuri:

Sipendi, kweli. Duka linanunua nakala kumi kwa mpigo na linalipa hata kama nane zitakaa rafuni. Nani mwingine anaibebea bendi hatari hiyo?

Mzee wa Kaseti:

Vijana, mnabishana kana kwamba kuna makaburi upande huu na watoto wachanga upande ule. Katikati kuna watu wazima mmewaruka.

The Bats wa New Zealand walitoa Daddy's Highway 1987 kwenye Flying Nun, lebo iliyoanzia Christchurch 1981. Magita mawili yanasukana bila mmoja kumzidi mwenzake, ngoma nyepesi, mwimbaji wa kiume na wa kike wanaimba kama majirani wanaosalimiana. Wanachama ni wale wale wanne wa miaka ya 80 na wameendelea kutoa albamu. Je, hao ni wa zamani au wa sasa? Teenage Fanclub wa Scotland nao: Bandwagonesque ilitoka 1991 kwenye Creation, jarida la Spin likaipa nafasi ya kwanza mwaka huo mbele ya Nevermind ya Nirvana. Deni lao kwa Big Star liko wazi kwenye zile sauti za pamoja, hawakulificha kamwe. Leo wanatoa albamu kupitia lebo yao wenyewe, PeMa. Nothing Lasts Forever ni ya 2023. Mtu akiinunua hiyo anamlipa aliye hai, na anaisikia Big Star ndani yake bila kupewa somo la historia.

Hao ndio ninaowapendekeza kwanza, mara zote. Bendi yenye miaka 30 haina mvuto wa ugeni wala mvuto wa msiba, kwa hiyo hakuna anayeitaja.

Nyuzi 12:

Mzee, heshima yako. Nyongeza ndogo tu: kwa The Bats mtu asitarajie kantri. Gita lao ni la pop, hata pale mwendo unapofanana na wa farasi.

Mteja Mkaidi:

Afadhali sasa nimeanza kuelewa. Boat Songs naikamata kwa ule utani, na Daddy's Highway naiandika pembeni. Nipeni moja zaidi: magita yenye kasi, mwimbaji mwanamke, maneno yasikike, na kantri isiwemo hata chembe.

Nyuzi 12:

The Beths, Expert in a Dying Field, 2022, lebo ya Carpark. Gita linauma lakini halimfuniki Elizabeth Stokes, na wenzake wanaitikia kwa sauti za juu karibu kila kiitikio. Wimbo wa kwanza ndio uliobeba jina la albamu. Usipokushika huo, iache, usijilazimishe.

Kapu la Santuri:

Hiyo nimeisikiliza kwa sindano pande zote mbili na haina tatizo. Bado nasema angeanza na Radio City, ile ya pili ya Big Star.

Upande B:

Akianza na Radio City atakaa miaka mitano kwenye 1974, Kapu. Nawajua wateja wako.