Lengo la teknolojia na lengo la "kushirikiana" kwenye fomu ya tathmini: tunapimwa au tunajazishwa tu?

Mwl_Kidato
Habari za jioni walimu. Leo nimerudishiwa fomu yangu ya malengo ya mwaka kwa mara ya pili. Ina visanduku vitano. Vitatu unajaza utakavyo, viwili vimekuja na vichwa vyake: "kuingiza teknolojia katika ufundishaji" na "kushirikiana na walimu wenzako". Cha kwanza niliandika nitatumia projekta mara mbili kwa wiki. Cha pili niliandika nitahudhuria vikao vyote vya idara. Imerudi na wino mwekundu: "Hayapimiki. Boresha."

Mara mbili kwa wiki haipimiki vipi jamani? Lakini hilo tuliache. Swali langu ni hili: ni haki mwalimu kupimwa kwa mambo hayo mawili, au apimwe kwa kile wanafunzi walichoelewa, basi? Nafundisha Fizikia, nina miaka tisa kazini, kompyuta siiogopi. Karibuni, bila matusi.

Mzee_wa_Duara
Wino mwekundu kwenye karatasi ya mwalimu 😂 Sasa umejua wanavyojisikia.

Chaki_Tupu
Mkuu, umeshajijibu. Apimwe kwa wanafunzi. Hizi ahadi za mashine tumezisikia tangu enzi za mababu. Edison, yule wa balbu, mwaka 1922 alisema filamu zitavifuta vitabu vya kiada ndani ya miaka michache. Imepita karne, vitabu vipo, na mgongo wangu unajua uzito wake. Na huo ushirikiano wenyewe tunaujua: mmoja anakesha anaandaa slaidi, saba wananakili kwenye flashi, wa nane anafuta jina la mwenzake na kuweka la kwake.

Dada_Maabara
Mwl_Kidato, "projekta mara mbili kwa wiki" ni lengo la projekta, wewe hulimo humo ndani. Anza pale darasa linapokwama. Chukua mada ya umeme. Waulize: mkondo kabla ya balbu na mkondo baada ya balbu, upi mkubwa? Wengi watakwambia baada ya balbu umepungua, kwa sababu balbu "imeula". Utachora ubaoni mpaka chaki iishe, wazo hilo halitoki kichwani. Sasa wafungulie simulesheni za PhET, yaani majaribio ya kuigizwa kwenye kompyuta, zile za Chuo Kikuu cha Colorado alizozianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya Fizikia. Ni za bure. Wanaunda saketi wenyewe, wanaziona elektroni zinavyoingia kwenye balbu na kutoka kwa mwendo uleule, wanaweka ammita, kile kipima mkondo, huku na huku, wanabishana na namba badala ya kubishana na wewe.

Kwenye fomu andika hivi: swali hilohilo moja utaliuliza kabla ya mada, kisha wiki tatu baada ya mada, na utahesabu wangapi bado wanasema mkondo umepungua. Sanduku la pili: mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma kipindi hicho awaangalie wanafunzi, asikuangalie wewe. Wajapani ndivyo wanavyofanya miaka mingi. Wanaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanafuatilia watoto wanavyofikiri, kisha wanakaa na kulirekebisha. Hapo hata aliyekurudishia fomu atakosa pa kuweka wino.

Flashi_ya_Kijani
Chaki_Tupu naomba ufafanue hapo kwenye "anafuta jina". Humu ndani watu tunajuana. Mimi nimewahi kuondoa jina kwenye slaidi za mtu, sikatai. Kila ukurasa ulikuwa na jina lake kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha mada. Wanafunzi wakaanza kuniita mimi kwa jina hilo. Ningefanyaje?

Chaki_Tupu
Mimi sikumtaja mtu. Ukirusha jiwe gizani ukasikia yalaa, ujue limempata mwenyewe.

Flashi_ya_Kijani
Yalaa nimesema. Nijibu swali sasa.

Jopo_la_Nne
Kuondoa jina ni jambo moja, kuweka lako ni jambo jingine. Uliweka lako au hukuweka?

Flashi_ya_Kijani
Niliweka jina la shule.

Mzee_wa_Duara
Huyu wakili wake yuko wapi 😂😂

Sauti_ya_Idara
Mimi ni mkuu wa idara, kwa hiyo nipo upande wa wenye wino mwekundu, nipigeni tu. Hivyo visanduku havikuzuka. Nimeona vishikwambi vikikaa stoo mwaka mzima na nailoni zake. Ukimwuliza mwalimu anasema hajapata mafunzo, ukileta mafunzo anasema ana kipindi, ukibadilisha ratiba anasema ana zamu. Usipoandika lengo hakuna kinachosogea. Pia kuna ile ngazi ya kupima matumizi ya teknolojia darasani ya mtaalamu Puentedura, SAMR, ina hatua nne: kubadilisha chombo tu, kuongeza ubora kidogo, kuisuka kazi upya, na mwisho kufanya jambo ambalo lisingewezekana bila chombo. Projekta inayoonyesha kilekile ambacho kingeandikwa ubaoni iko hatua ya kwanza. Ndiyo maana fomu hurudi.

Chaki_Tupu
Kwa hiyo sisi wa ubaoni tunakaa chini ya ngazi, hata kipago cha kwanza hatujafika? Asante mkuu wa idara. Nitawaambia wanafunzi wangu waliofaulu warudishe matokeo.

Kamusi_Hai
Sauti_ya_Idara, tatizo la ngazi ni hilo: mtu akiona vipago anadhani cha juu ni bora siku zote. Mchoro wa maduara wa watafiti wa elimu Mishra na Koehler wa 2006 unanishawishi zaidi. Waliuchukua kutoka kwa Shulman, mtafiti mwingine wa elimu, ambaye mwaka 1986 alisema mwalimu ana ujuzi wake maalumu, ule wa kulifanya somo fulani lieleweke, tofauti na kulijua somo tu na tofauti na kujua kufundisha kwa jumla. Kwenye duara la somo na duara la ufundishaji, wao wakaongeza la tatu, teknolojia. Mafanikio yapo pale maduara yanapokatana. Alichoandika Dada_Maabara kuhusu balbu kiko hapohapo katikati, na nashangaa hakuna aliyemjibu.

Jopo_la_Nne
Tutamjibu, kwanza tumalize hili la jina. Flashi_ya_Kijani, ulimwomba ruhusa au hukumwomba?

Mama_Ratiba
Wanangu, mnagombana kwa mali isiyo yenu. Kazi uliyoiandaa kama mwajiriwa, katika shughuli za ajira yako, kwa sheria za nchi nyingi hakimiliki yake ni ya mwajiri. Jina ni heshima tu. Kwa hiyo aliyeweka jina la shule, kwa bahati mbaya au kwa ujanja, yuko karibu na sheria kuliko nyote.

Chaki_Tupu
Shikamoo Mama_Ratiba. Kwa heshima yako, sikubali. Usiku wa manane, kwa umeme wangu, kwa kompyuta yangu, mwajiri alikuwa wapi?

Mama_Ratiba
Marahaba. Mwajiri alikuwa amelala, na hakimiliki hailali. Kasome mkataba wako.

Kamusi_Hai
Inategemea na mkataba kweli, nchi hazilingani. Lakini njia ya kati ipo tangu 2002: leseni za Creative Commons. Unaandika CC BY chini ya ukurasa, maana yake chukua, badilisha, gawa, ila nitaje. Mwaka huohuo wa 2002 ndipo UNESCO ilipolipa jina wazo la rasilimali huria za elimu, na 2019 ikatoa pendekezo rasmi kwa nchi wanachama. Idara ikikubaliana leseni moja, ugomvi huu unaisha siku hiyohiyo.

Jopo_la_Nne
"Ila nitaje." Mmeona? Hata hao wa huria wanataka jina.

Kijana_wa_Kodi
Nasoma hapa nacheka. Mnapigania slaidi! Shida yenu halisi ni walimu wakongwe wanaoogopa kubofya. Kila mwanafunzi apewe kompyuta mpakato yake, mwalimu awe msimamizi tu, visanduku vyote viwili vimekwisha.

Mama_Ratiba
Mkongwe ndiye mimi. Nilikuwa nachapa mitihani kwenye stensili, kosa moja unapaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unapiga tena. Mashine ilikuwa inanitemea wino hadi viwikoni. Kisha ikaja fotokopi nikajifunza. Ikaja kompyuta nikajifunza. Leo alama za shule nzima nazijumlisha mimi kwenye lahajedwali, na vijana wa kubofya ndio wanaoniletea alama zao kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Tuheshimiane.

Mzee_wa_Duara
Iliyokunjwa mara nne 🙌 Mama kamaliza.

Kijana_wa_Kodi
Samahani mama yangu, sikukusudia wewe.

Mama_Ratiba
Ulikusudia umri, na umri ninao.

Kamusi_Hai
Hiyo ya kila mtoto na kompyuta yake imeshajaribiwa. Nicholas Negroponte, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliutangaza mpango wa One Laptop per Child mwaka 2005, Peru ikanunua karibu milioni moja. Tathmini ya mwaka 2012 katika shule 319 za vijijini ilikuta alama za hisabati na lugha hazikupanda. Msimamizi tu hatoshi.

Kijana_wa_Kodi
Umesoma nusu. Tathmini hiyohiyo ilikuta watoto wamepanda kidogo kwenye majaribio ya kufikiri. Na shule nyingi hazikuwa na intaneti.

Kamusi_Hai
Kweli, hilo nililiacha. Lakini OECD, ule umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi, nayo mwaka 2015 iliangalia nchi zilizomwaga fedha nyingi kwenye kompyuta za shule, ikasema hakuna maendeleo ya kueleweka kwenye PISA, mtihani wake wa kimataifa wa wanafunzi, iwe kusoma, hisabati au sayansi. Sisemi vifaa vitupwe. Nasema fomu inayohesabu mara ulizowasha projekta inahesabu umeme.

Sauti_ya_Idara
Ndiyo sababu niliirudisha!

Mwl_Kidato
Subiri. ULIIRUDISHA wewe?

Sauti_ya_Idara
Nazungumzia fomu za aina hiyo kwa ujumla, mwalimu.

Mzee_wa_Duara
Leo hapa watu watakutana ofisini kesho asubuhi na hawatasalimiana 😭

Dada_Maabara
Narudia kwa mara ya pili na ya mwisho: swali moja, kabla na baada, na mwenzako nyuma ya darasa.

Chaki_Tupu
Dada, wazo lako zuri, sina ubishi nalo. Ila nani akae nyuma ya darasa langu? Mwenye kipindi cha wazi anasahihisha madaftari. Na mwingine akikaa kule nyuma, ataondoka na andalio la somo langu, wiki ijayo nalikuta lina jina lake.

Jopo_la_Nne
Hapo ndipo penyewe. Huwezi kulazimisha ushirikiano kwa fomu wakati tathmini yenyewe inampanga mwalimu mmoja juu ya mwingine. Mimi nikikupa somo langu bora, ukapata alama ya juu kuliko mimi, nimejichimbia. Wape alama ya idara nzima kwa pamoja, utaona slaidi zinavyogawanywa.

Sauti_ya_Idara
Na yule asiyefanya kitu apate alama ileile ya mwenye kukesha?

Jopo_la_Nne
Kwani sasa hivi hapati?

Flashi_ya_Kijani
Nilikuwa nimenyamaza, ila kwa kuwa Chaki_Tupu anaendelea na habari za majina na kukesha, acha niseme. Zile slaidi nilizoondoa jina. Ukurasa wa kwanza jina kubwa. Wa pili jina kubwa. Ukurasa wa tisa, chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Hakika! Hizi hapa slaidi za mada uliyoomba. Ungependa niongeze maswali ya mazoezi?"

Mzee_wa_Duara
🤣🤣🤣🤣🤣

Kijana_wa_Kodi
HAKIKA! Nimeanguka.

Mama_Ratiba
Usiku wa manane, kwa umeme wake.

Chaki_Tupu
Kwanza sikuwahi kusema slaidi hizo ni zangu. Pili, mtu kuitumia ChatGPT kwa rasimu kisha akasahihisha mwenyewe si dhambi, tangu Novemba 2022 dunia nzima inafanya. Tatu, ukurasa wa tisa nilishaurekebisha kwenye toleo jipya.

Jopo_la_Nne
Hoja ya kwanza na ya tatu zikutane ofisini.

Kamusi_Hai
Chaki_Tupu usione haya, pengine hiyo ndiyo teknolojia iliyoingizwa. Iandike kwenye sanduku la kwanza. Nitakalouliza mimi ni kama ulikagua yaliyomo. Mashine hizi hukosea kwa kujiamini, na kosa la slaidi moja likinakiliwa na watu saba linakuwa kosa la madarasa saba.

Chaki_Tupu
Nilikagua. Ukurasa wa tisa tu ndio ulinipita.

Dada_Maabara
Flashi_ya_Kijani, na wewe ulizifundishia mpaka ukurasa wa tisa bila kuzipitia?

Flashi_ya_Kijani
Wanafunzi ndio waliouona kwanza.

Mwl_Kidato
Nashukuru nyote, hata waliosahau nimeuliza nini. Fomu natakiwa kuirudisha Ijumaa. Nimechukua la Dada_Maabara: swali la balbu, kabla ya mada na wiki tatu baada ya mada. Dada, darasani kwangu intaneti inakuja na kuondoka, hizo simulesheni zitafunguka?

Dada_Maabara
Zipakue mapema ukiwa mahali penye mtandao, moja moja, baada ya hapo zinafunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Zijaribu kwenye kompyuta ileile utakayofundishia. Usisubiri kipindi kianze.

Mwl_Kidato
Sawa. Limebaki sanduku la pili. Wanataka jina la mwalimu atakayekaa nyuma ya darasa, na sahihi yake. Nimewauliza watatu leo, wawili wana vipindi, mmoja kanijibu "nitaona".

Chaki_Tupu
Jumanne kipindi cha tatu na cha nne niko wazi. Ila sitaandika ripoti.

Flashi_ya_Kijani
Ripoti nitaandika mimi. Jumanne nipo.

Chaki_Tupu
Kwa jina la nani?